Herufi nzito za mlazo zichorwe, zisisukumwe

Juzi nilikuwa katika duka moja la uchapaji huku River Road, Nairobi, nimefuata programu ya mazishi ya mama mdogo. Kijana wa kompyuta, mwepesi wa mkono kweli, aliandika *Kwaheri Mama* kwa fonti ya serifu, zile herufi zenye vijiguu nchani. Akabofya wino mzito, akabofya mlazo, yaani herufi zilizoinama upande (italiki), akaniuliza, "Iko sawa, mama?"

Haikuwa sawa. Fonti ile haikuwa na mlazo wake, basi kompyuta ilichukua herufi zilizosimama wima ikazisukuma upande. Ukitaka kujua, angalia a. Katika mlazo wa kweli a huvua paa lake, ule upinde wa juu, ikabaki tumbo moja la duara kama tunavyoiandika kwa kalamu. Aghalabu f nayo huteremsha mkia chini ya mstari, na vijiguu hugeuka vikulabu vidogo, kana kwamba kalamu imeingia na kutoka. Kwenye *Kwaheri Mama* a ziko tatu, na zote tatu zilibaki na paa, zimeinama kama vibanda vilivyopigwa na upepo. Kiswahili kimejaa a. Ikiharibika hiyo, neno zima limeharibika.

Mlazo ulitoka kwenye mwandiko wa mkono. Francesco Griffo aliuchonga kwa ajili ya Aldus Manutius, mchapaji wa Venice, na mwaka 1501 kikatoka kitabu kizima cha mashairi ya Virgil, mshairi wa Roma ya kale, kwa herufi hizo. Unene, ule wino mzito, ulikuja karne ya 19, wakati wenye biashara Uingereza walipotaka matangazo ya kumsimamisha mpita njia. Ndiyo maana nazipenda herufi nzito za mlazo: zina ukaribu wa barua na sauti ya barabarani kwa pamoja. Zinalifaa jina la marehemu, jina la bibi harusi, hata ubavu wa matatu. Fonti ya Cooper Black, aliyoichora Oswald Cooper kule Chicago na kutolewa mwaka 1922, ina mlazo wake mnene, laini, wenye bashasha. Ningeiweka kwenye ubao wa hoteli bila kusita. Kwenye tanzia, hapana.

Na zisipewe kazi ya kusomesha habari ndefu. Nimewahi kushika programu ambayo wasifu wote wa marehemu, kurasa nne, ulikuwa mzito na wa mlazo. Kufikia nakala za mwisho matumbo ya a na e yalikuwa yamejaa wino, na wazee waliokaa karibu nami walikisogeza kijitabu mbali na macho, wakakirudisha, mwishowe wakakikunja. Maisha ya mtu hayakusomwa. Hilo liliniuma, na linaniuma bado.

Nilimwomba kijana ajaribu Georgia, fonti aliyoichora Matthew Carter. Iko kwenye kompyuta nyingi, na mlazo wake mzito umechorwa wenyewe, haukusukumwa. Alipobadilisha, a zikavua paa. Akasogea karibu na kioo, akasema, "Kumbe!" Tukaacha maneno yale mawili peke yake juu ya picha, wasifu tukauweka kwa herufi za kawaida. Karatasi ya kwanza ilipotoka kwenye mashine ingali na joto, binti yake mama mdogo aliipokea, akapitisha kidole gumba juu ya *Mama*, polepole, kisha akasema tuchape mia mbili.