Si maumivu ya hedhi pekee

Makala yenu imeeleza vizuri kwamba endometriosi hutokea pale tishu inayofanana na utando wa ndani wa mji wa mimba inapoota nje yake, lakini imeishia kwenye maumivu ya hedhi, ilhali wanawake wengi husumbuliwa pia na maumivu wakati wa tendo la ndoa, wakati wa kwenda haja, tumbo kujaa, uchovu usioisha na ugumu wa kupata ujauzito. Dalili za tumbo na za njia ya mkojo ndizo zinazopotosha zaidi: mgonjwa hupewa dawa za UTI au za minyoo, kisha hedhi inayofuata humrudisha palepale.

Huku kwetu Newala, msichana hufundishwa unyagoni kustahimili na kutunza siri ya hedhi, nami siyadharau mafunzo hayo, kwani yana mengi mema; ila makungwi wangeongeza kwamba anayekosa shule kila mwezi kwa sababu ya maumivu apelekwe hospitali. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa takribani asilimia 10 ya wanawake walio katika umri wa kuzaa wana hali hii. Ushauri wa "ukizaa yataisha" hauna msingi, kwa sababu ujauzito hauponyi endometriosi. Tena, majibu ya ultrasaundi yakiwa safi, hayo peke yake hayatoshi kuthibitisha kwamba mtu hana ugonjwa huu, kwa kuwa vidonda vidogo huweza kutoonekana.