Amin Ndani ya Gunia

Mjomba wangu alipoondoka mwishoni mwa 1978 kwenda vita vya Tanzania na Idi Amin wa Uganda, aliniinamia akaninong'oneza, "Mjomba, nikimkamata Amin nakuletea umchape mwenyewe." Ndivyo tulivyoitana, mimi mjomba na yeye mjomba. Nilikuwa na miaka saba. Ndiye aliyenifundisha mguu sawa, mguu pande na nyuma geuka, ndiye aliyenibeba mabegani kwenda kuoga ziwani, na usiku nililala kitandani kwake nikimpiga mateke bila kulalamikiwa. Mtu wa namna hiyo akikuahidi Amin, unatayarisha fimbo.

Mwalimu Nyerere alikwisha sema kwamba uwezo wa kumpiga tunao, sababu ya kumpiga tunayo na nia ya kumpiga tunayo. Mimi nikaongeza la nne: mjomba ninaye. Nikaanza kuuza nafasi. Gololi moja, unamwona Amin kwa mbali. Gololi mbili, unakaa mstari wa mbele. Gololi tatu, unamfinya.

Biashara ilichangamka kupita nilivyotazamia. Nilijaza kopo zima la maziwa ya unga, na kuna mtoto mmoja mtaa wa pili aliyelipia yeye na mdogo wake ambaye hata kutembea bado. Kampala ilipotekwa, 11 Aprili 1979, redio ikatangaza kuwa Amin ametoroka. Wateja wakaja mbio na nyuso zimekunjamana. Nikawaambia hizo ni mbinu, redio haiwezi kutoa siri za jeshi hewani. Wakaridhika. Mmoja akaongeza gololi.

Sasa nieleze habari ya handaki, maana bila handaki kisa hiki hakina miguu. Mwezi Machi mwaka huo ndege ya Libya, waliokuwa wakimsaidia Amin, ilikuja Mwanza kutafuta matangi ya mafuta. Ikayakosa, mabomu yakaangukia Kisiwa cha Saanane na kuua swala waliokuwa wakijilia majani, wasiojua hata vita ni ya nani. Balozi wetu wa nyumba kumi hakusubiri ndege ya pili. Akaamuru kila nyumba ichimbe handaki. Letu lilichimbwa uani, karibu na jiko la Bibi, refu la kumtosha mtu mzima kulala. Vita vilipoisha Bibi hakuona sababu ya kufukia shimo zuri namna ile. Akawa anamwaga humo majivu, maganda ya ndizi na maji ya kuoshea vyombo.

Mjomba alirudi mwisho wa mwaka, akashuka MV Victoria kutoka Bukoba alfajiri. Nilimrukia bandarini kabla hajatua mzigo. Alikuwa amekonda, ndevu zimemjaa, lakini gwanda limepigwa pasi likanyooka. Begani alikuwa na gunia. Gunia lenyewe lilikuwa linatikisika.

"Ndiye?" nikamwuliza kwa kunong'ona.

Akaniangalia kidogo, kisha akakumbuka. Akatikisa kichwa kwa uzito wa ofisa. "Ndiye. Usimwambie mtu."

Kufika saa nne, ua wetu ulikuwa umejaa watoto tangu mlangoni hadi kwenye mti wa mwembe. Watu wazima nao walikuja kumpokea shujaa. Ilikuwa ile miezi 18 ambayo Mwalimu alituomba tufunge mkanda, kwa hiyo chai ilikuwepo, sukari ndiyo iliyokuwa na udhuru. Gunia likalazwa kando ya jiko, limefungwa kamba. Wenye gololi mbili walikaa mbele. Wa gololi tatu walikuwa wanakunja na kukunjua vidole.

Balozi akasimama na risala ya kurasa kadhaa. Mjomba akasimama wima mbele yake, visigino vimegusana, mgongo ameuelekeza kwenye handaki. Mimi nilisimama ubavuni pake, mguu sawa.

"Shujaa wetu," Balozi akaanza, "tangu Kyaka hadi Kampala, wewe hukurudi nyuma hata hatua moja..."

Hapo gunia likatoa sauti: *gologologolo!*

Mtoto mmoja akapiga yowe, "Anaongea Kiganda!" Wa mstari wa mbele wakakimbilia nyuma, wa nyuma wakataka kuja mbele kuona, na mtu katika vurugu ile akakanyaga kamba. Gunia likafunguka. Akatoka bata mzinga, shingo nyekundu, kifua mbele kama jenerali aliyejitunuku nishani zote mwenyewe. Akatazama umati, akachagua jiko. Masufuria ya Bibi yakaporomoka yote kwa pamoja.

"LALA CHINI!"

Sikuwahi kusikia sauti ile kwa Mjomba. Nilihisi tu mkono umenidaka kiunoni, nikapaa, tukatua handakini, mimi chini na yeye juu amenifunika mwili mzima. Balozi, ambaye hakuwahi kupigana vita vyovyote, alitii amri akatufuata na risala yake.

Kukawa kimya. Mjomba alikuwa bado amenikumbatia kwa nguvu na moyo wake unadunda mgongoni mwangu. Nikamwambia, "Mjomba, ni masufuria." Hakujibu. Nikamwambia tena. Ndipo nikasikia tumbo lake linaanza kutikisika, nikadhani analia, kumbe ni kicheko, tena kile cha zamani cha kumkatisha pumzi.

Tulitoka pale weupe kwa majivu, na ganda la ndizi limelala begani mwa Mjomba mahali pa cheo. Bibi hakuuliza nani kaumia. Alilitazama gwanda, akashika kichwa kwa mikono miwili. "Sabuni naitoa wapi mimi? Nasema, sabuni naitoa wapi?"

Balozi alimalizia risala akiwa amelowa, ila pale pa kurudi nyuma alipapita haraka.

Wateja wangu nao hawakuondoka. Walitaka Amin au gololi zao. Shauri likapelekwa kwa Mjomba, akaketi juu ya kinu akaendesha mahakama ya kijeshi. Akahukumu kwamba bata yule anajipenda, ana makelele na ametoroka mbele ya mashahidi, kwa hiyo kumwona yeye ni sawa na kumwona Amin, na waliolipa gololi moja na mbili hawadai kitu. Waliolipa tatu wana haki ya kufinya.

Wakapanga mstari. Wa kwanza alifinya paja, bata akageuka akamdonoa mkono, na mstari wote ukakumbuka kazi za nyumbani. Yule aliyedonolewa ndiye peke yake niliyemrudishia gololi. Nilimpa mbili. Ya tatu niliikata, maana kufinya alifinya.