Mantra ya kulalia uisome mwenyewe, usiiachie simu

Siku hizi ukiingia YouTube ukatafuta mantra ya usingizi, yaani maneno matakatifu ya kurudiarudia, unaletewa video za masaa nane, picha ya mungu wetu Shiva amekaa milima ya Himalaya, muziki wa taratibu, na watu wanasema wanaiwasha wakipanda kitandani inaimba yenyewe mpaka asubuhi. Mi ni Mhindu wa Dar, familia ya Kigujarati, na kwa kweli hili jambo linaniuma. Hiyo sio japa jamani, yaani ile sala ya kurudia mantra, huo ni muziki wa kulalia. Sio dhambi kuusikiliza ila tusidanganyane kwamba tumesali.

Japa unataja wewe. Wazee wameigawa mara tatu, kuna ya kusema kwa sauti, kuna ya kunong'ona midomo inacheza tu, na kuna ya moyoni kabisa, na Manusmriti, kitabu chetu cha kale cha sheria, inaipa ile ya moyoni thamani mara elfu kuliko sadaka za kwenye moto. Hapo hakuna ya kusikiliza spika.

Afu watu wameifanya Gayatri ndo mantra ya kulalia. Gayatri iko kwenye kitabu chetu kitakatifu cha Rigveda, 3.62.10, anaombwa Savitri, mungu wa jua, aziamshe akili zetu, na kwa desturi inasomwa jua likichomoza na likizama. Ukiisoma usiku hakuna atakayekugombeza, lakini za usiku zipo, tena fupi, na bibi zetu wanazijua kwa kichwa.

Ya watoto ni hii: Ramam Skandam Hanumantam Vainateyam Vrikodaram. Majina matano tu, mungu Rama, Skanda mtoto wa Shiva, Hanuman mungu mwenye umbo la nyani, Garuda (ndo Vainateya) yule ndege anayembeba mungu Vishnu, na shujaa Bhima (ndo Vrikodara), afu inamalizia kwamba anayewakumbuka hao kila akilala, ndoto mbaya zinamtoka. Bibi yangu, tulimwita Ba, alikuwa anakaa pembeni ya kitanda kaniwekea mkono kichwani, yeye anaanza mi namalizia, na akisikia nabwabwaja ili niwahi kulala ananirudisha mwanzo, ananiambia Hanuman bado hajafika, mngoje.

Ya watu wazima ndo inanigusa zaidi, Karacharana kritam. Unamwomba Shiva msamaha kwa makosa ya mikono, ya miguu, ya maneno, ya mwili, ya masikio, ya macho, mpaka ya mawazo. Isome polepole uone, siku yako yote inapita hapo, yule mteja uliyemjibu hovyo dukani, umbea wa jirani uliousikiliza kwa hamu na haukuhusu, ile meseji uliyotuma kwenye grupu ukijua kabisa itamuumiza mtu. Sasa hayo simu itakuombea vipi msamaha?

Na kama shida yako ni usingizi tu, mwaka 2001 jarida la British Medical Journal lilitoa utafiti wa Luciano Bernardi na wenzake, walichukua watu 23, wakasali rozari ya Ave Maria kwa Kilatini, na wakasoma mantra ya om mani padme, ambayo ni ya Wabuddha, na kwa zote mbili pumzi ikashuka mpaka kama mara sita kwa dakika na mapigo ya moyo yakaingia kwenye mpangilio mzuri. Walikuwa wanatamka wenyewe, na pumzi inashuka kwa sababu ule mstari una urefu wake, huwezi kuusema huku unahema.

Mgonjwa ambaye hata mdomo haufunguki, huyo mwekeeni kaseti, mwekeeni simu, tena mshikeni mkono. Lakini wewe mzima, simu iache sebuleni kwenye chaji, nawa miguu, kaa kwanza kabla hujajinyoosha. Sio lazima uzungushe tasbihi nzima ya shanga 108, ukisoma mara tatu kwa utulivu inatosha. Na mtoto wako usimkabidhi tableti, kaa naye mtaje hayo majina matano, hayachukui hata dakika.