Nimeoa Kompyuta na Ukoo Wake Wote

Mwenzenu nauza misumari. Nina kaduka ka vifaa vya ujenzi huku Kimara, na kwa miaka kumi na miwili sijawahi kuona msumari wa inchi nne ukakataa kuingia kwenye mbao eti kwa sababu mbao ile ni ya mwaka 2018. Msumari unapigwa, unaingia, mteja anakwenda zake. Ndiyo maana nilipoamua kuunda kompyuta ya gemu nyumbani nilidhani ni kazi ya Jumamosi moja.

Sababu sitaificha. Nyumbani nilisema ni kwa ajili ya mpwa wangu aliyemaliza kidato cha nne, asizurure mtaani. Uongo. Ni kwa ajili yangu. Kila jioni nikifunga duka napitia kibanda cha gemu, mia tano mechi moja, na kila jioni nafungwa na watoto wa darasa la tano. Kufungwa nimezoea, timu ninayoshabikia siitaji. Kinachoniuma ni mashauri. Mtu mzima wa miaka arobaini na miwili, mafundi wananiita mzee wangu, halafu kitoto kina begi la shule mgongoni kinanipigia kelele mbele za watu: "Mzee, bonyeza duara! Duara, mzee!" Nikasema basi, nitajifunzia kwangu, mlango umefungwa.

Nikavunja kibubu. Milioni moja na laki nne. Mpwa wangu akaniandikia karatasi ya vitu vya kununua, nikaisoma juu mpaka chini, nikairudia. Kuna prosesa, kuna mazabodi, ramu, diski ya SSD, kadi ya grafiksi, pawa saplai, kesi. Kompyuta haimo.

"Mjomba, hivyo vyote ndiyo kompyuta. Prosesa ni ubongo, mazabodi ni ubao vinapochomekwa vyote, ramu ni kumbukumbu ya kufanyia kazi, SSD ni ghala, kadi ya grafiksi inachora picha, pawa saplai inagawa umeme, kesi ni nyumba yao."

Sawa. Tukapanda mwendokasi, tukashuka Msimbazi, Kariakoo. Kabla sijavuka barabara winga, dalali wa mtaani, ameshanishika mkono kama ndugu tuliyepotezana utotoni. "Bosi wangu, unatafuta nini? Simu, tivii, friji?" Nikamwambia natafuta CPU. Hapo nikawa nimejikaanga mwenyewe, maana mjini hapa CPU ni lile boksi zima linalokaa chini ya meza ya karani, likipigwa teke na kila anayekaa. Winga akatokomea kichochoroni, akarudi amekumbatia boksi la ofisini lenye alama ya kalamu ya wino ubavuni. Mpwa akaninong'oneza kwamba CPU ni prosesa tu, kadude ka ukubwa wa biskuti. Nikauliza bei ya biskuti. Ilikuwa sawa na mifuko kumi na minane ya saruji.

Winga kuona tumekunja nyuso akatoa silaha yake ya mwisho: "Bosi, hii ni i7." Aliitamka kama baba anayetaja digrii ya mwanawe. Na mimi moyo ukaruka, saba si ndiyo kubwa? Mpwa akainama, akasoma stika ya prosesa ya Intel. i7-2600. Akaniambia nitazame namba inayofuata kistari: mbili, maana yake kizazi cha pili, mashine ya 2011. Hata i3-12100 ya 2022, ambayo ni ya kizazi cha kumi na mbili, inaiacha mbali. Yaani yupo i3 kijana anayemkimbiza i7 mzee mpaka mzee anatafuta pa kukaa. Hilo sikuhitaji kuchorewa, nimeliona kibandani kila jioni.

Nitasema ukweli hapa katikati, kabla sijasahau. Yale maboksi ya ofisini si mabaya. Ukipata la kizazi cha karibuni, tena lile nene, ukaliwekea kadi ndogo ya grafiksi kama GTX 1650 inayokula wati 75 tu na kujinyonyea umeme wake kwenye mazabodi, mpira utacheza na chenji utarudi nayo. Jembamba ndilo la kuogopa: kadi ya kawaida haitoshei, na pawa saplai yake ina umbo lake peke yake, ikifa unaizika na boksi. Mpwa alinieleza yote hayo pale pale, na ninavyoandika leo najua lile ndilo lilikuwa jibu langu. Lakini mimi nilikuwa nimeshaona dirishani kompyuta yenye ubavu wa kioo na mataa yanayobadilika rangi. Mtu akishaona vile haambiliki.

Tukaanza posa. Prosesa tuliyochumbia ni Ryzen 5 5600, kori sita, yaani vichwa sita vya kufanyia kazi, wati 65, mtoto mpole. Nikadhani nimemaliza. Kumbe prosesa haiolewi peke yake. Inataka mazabodi yenye soketi ya AM4. Ya AM5 hapana, hata iwe nzuri vipi, matundu hayalingani. Na mazabodi nayo ina masharti: hii ya AM4 inakula ramu ya DDR4, ile ya AM5 inakula DDR5, wala hawabadilishani sahani. Pengo la kwenye ramu limechongwa mahali tofauti ili mtu kama mimi asilazimishe. Nikauliza na kwa nyundo ya mpira je? Muuzaji akaniangalia kwa muda mrefu sana.

Wazungu wenyewe wameuita ule ubao mama. Na kweli ni mama mkwe kabisa. Kila kitu kinapita kwake, kila kitu lazima akikubali, na asipokupenda hasemi neno, anakaa kimya tu na wewe unahangaika kutafuta umekosea wapi. Ili kubana matumizi tulichukua mazabodi iliyotumika, ya aina ya B450. Kumbukeni hiyo B450, nitairudia nikiwa na hasira zaidi.

Ramu. Mpwa alitaka GB 16, tena vipande viwili vya nane nane, siyo kimoja cha kumi na sita, kwa kuwa viwili hufanya kazi sambamba kama wabeba zege wawili kwenye ngazi moja. Hoja nzuri. Tatizo ni bei. Tangu mwishoni mwa 2025 ramu zimepaa dunia nzima kwa sababu viwanda vinapeleka chipu zao kwenye vituo vikubwa vya akili bandia. Saruji ikipanda najua wa kumnung'unikia, nitamkuta kwa wakala. Sasa hapa nimnung'unikie nani? Kuna kompyuta huko Marekani inaandikia watu barua za kuomba kazi, na mimi Kimara nakosa kipande cha ramu cha kupigia penalti.

Tukaja kwenye kadi ya grafiksi, na hapa ndugu zangu ndipo pesa inapokwenda kufa. Duka la kwanza mpya hatukuziweza. Duka la pili winga akatutolea iliyotumika, akaapa imetumika kidogo tu. Lile neno nalijua. Ndilo wanalokwambia kwenye magari: ilikuwa ya mama mmoja mtu mzima, anaendea kanisani Jumapili tu. Mpwa akainusa ile kadi, akaizungusha feni kwa kidole, ikalia kama mlango wa choo cha shule. Akanieleza kuwa kadi nyingi zilikuwa zikichimba sarafu za mtandaoni, usiku na mchana, miezi na miezi, na Septemba 2022 ilipofika wale wa sarafu ya Ethereum wakaachana na uchimbaji wa namna hiyo, kadi zikamwagwa sokoni. Kwa hiyo mkononi nilikuwa nimeshika mchimbaji mstaafu. Nimewaona wachimbaji waliorudi kutoka machimbo ya Mererani, kifua kinavyokohoa. Nikaomba tuondoke.

Duka la tatu tukapata RX 6600, GB 8, wati 132, mwenyewe akaichomeka mbele yetu na picha ikaja. Mpwa akatoa futi kamba ya fundi cherehani, akapima urefu wake, akapima na nafasi ndani ya kesi. Watu wakatuzunguka. Mmoja akauliza kama tunaishonea gauni.

Kwenye pawa saplai mimi ndiye niliyekuwa profesa, mniruhusu kujisifu. Winga alisema kesi inakuja na pawa saplai ya bure, ya wati 500. Nikaipokea, nikaipima mkononi. Nyepesi kama boksi la viberiti. Nimeuza nondo kwa miaka kumi na miwili: kitu kilichoandikwa milimita kumi na mbili na ukikishika kina tisa, hicho si cha kujengea nyumba ya mtu. Wati za kuandikwa na wati za kutoka ni vitu viwili. Tukanunua ya 550 yenye nembo ya 80 Plus, ya kuonyesha haipotezi umeme ovyo, nzito, inayokata mkono. Ukijumlisha prosesa na kadi hazifiki hata wati 200, lakini umeme wa mitaa yetu unajua kuondoka bila kuaga na kurudi na hasira, na pawa saplai mbovu haifi peke yake, inaondoka na wapendwa wake.

Kesi nilichagua mwenyewe. Kioo. Mataa. Feni sita.

Mama watoto alipoiona sebuleni alizihesabu feni zile kwa kidole, polepole, kama anayehesabu chenji asiyoiamini. "Sita," akasema. "Watoto watatu wanalala na feni moja, inageuka huku na huku kama mtu anayekataa kesi. Hii ya kwako ina sita." Nilitaka kumweleza kuhusu joto la Dar la Januari na hewa kuingia mbele na kutokea nyuma. Nikameza mate.

Hela ya monita, kile kioo cha kutazamia picha, ilikuwa imeshaisha, tukaamua tutumie tivii ya nyumbani. Saa ya tamthilia ya Kituruki, jamani. Sitaki kuingia ndani sana hapo.

Tukaunganisha juu ya meza ya chakula. Mpwa kila mara anashika chuma cha kesi, eti kutoa umeme wa mwilini usije ukaua chipu. Saa tatu usiku tukawasha. Feni sita zinazunguka, mataa yanang'aa kama ukumbi wa send-off, tivii nyeusi tii. Akagundua nimechomeka waya wa picha kwenye mazabodi wakati prosesa hii haina grafiksi yake, picha inatoka kwenye kadi tu. Tukahamisha. Nyeusi. Tukachomoa ramu, tukarudisha. Nyeusi vile vile.

Sasa narudi kwa mama mkwe. B450 ilitoka 2018. Ryzen 5 5600 ni ya 2022. Kama bayosi, programu ya kuwashia mashine iliyo ndani ya ule ubao, ni ya zamani na haijasasishwa, haimtambui huyu mgeni kabisa. Soketi inaingia, ramu inakubali, kila kitu kimekaa, ila mama hajapelekewa barua ya kwamba kuna mkwe mpya, basi hafungui mlango. Na ili umpelekee barua unahitaji prosesa ya zamani anayoifahamu, imshike mkono kwanza. Yaani mshenga! Asubuhi tulirudi Kariakoo na boksi la kioo mapajani, ndani ya mwendokasi ya saa moja, kila kituo mtu anakuja kuegemea. Fundi akaweka prosesa yake kuukuu, akachomeka flashi, dakika kumi, akarudisha ya kwetu. Picha ikaja. Elfu ishirini. Nikamuuliza muuzaji wa ule ubao kwa nini hakusema. Akajibu sikuuliza.

Nilidhani mambo yamekwisha, mpaka mama watoto alipokaa na kikokotoo. Sisi tuko kwenye umeme wa matumizi madogo, zile uniti 75 za kwanza kwa mwezi ambazo uniti ni shilingi 100 kabla ya makato, na ukizivuka inaruka mpaka 350. Nyumba yetu inakula sitini. Akaniuliza mashine yako na tivii vinakula ngapi? Nikasema kama wati 300. Saa ngapi kwa siku? Nikasema mbili. Mpwa akakohoa. Nikasema tano. Akabonyeza: uniti moja na nusu kwa siku, arobaini na tano kwa mwezi, jumla mia na tano. Hakusema kitu. Alinigeuzia tu kikokotoo nikisome mwenyewe.

Ijumaa ndiyo tukacheza mara ya kwanza. Mpira ukafunguka, laini, nyasi unaziona moja moja, jasho la golikipa unaliona. Nikashika kibodi, nikatafuta duara. Hakuna duara. Kibodi ina herufi zote za kuandikia barua ya kuomba mkopo, ila duara haina. "Mjomba," mpwa akasema kwa sauti ya chini, "pedi ya gemu hatukununua."

Mfukoni nilibaki na elfu kumi na moja. Jumamosi jioni nikaenda kibandani kumwomba mwenyewe aniuzie pedi yake moja kuukuu. Akasema anayo, ila amempa fundi, atarudi nayo baada ya muda si mrefu, nikae nimsubiri. Nikakaa. Benchi lilikuwa wazi, tivii inawaka, mia tano ninayo. Nikasema mechi moja tu, ya kupoteza muda.

Kufika dakika ya sabini nilikuwa nimefungwa tatu.

"Mzee! Duara!"