Viti mwendo Dodoma: kugawa vingi au kupima kwanza?

Viti mwendo vikigawiwa Dodoma, kinachotangazwa ni idadi. Naona lingefaa kuulizwa jambo jingine: vingapi bado vinatembea baada ya mwaka mmoja?

Wanaotetea ugawaji wa pamoja, yaani viti vingi kwa mara moja bila kumpima kila mtu, wana hoja nzito. Mama wa Chamwino anayembeba mgongoni mtoto wa miaka 10 kwenda zahanati, utamwambiaje asubiri mtaalamu? Anayetambaa kwenye mchanga wa moto akipata kiti, hata kisichomkaa sawasawa, siku hiyohiyo ameinuka kutoka chini. Tena vikinunuliwa kwa wingi, bei hupungua.

Shida inaanzia kwenye kiti chenyewe. Kile cha wodini kimetengenezwa kwa sakafu. Vigurudumu vyake vidogo vya mbele vikizama kwenye mchanga wa Bahi, aliyekalia anaweza kupinduka kifudifudi. Kiti chenye gurudumu la mbele lililosogezwa mbali, na matairi ya nyuma ya saizi ya baiskeli, hupita njia hiyo vizuri zaidi, na mwiba ukitoboa tairi, fundi baiskeli wa kijijini anaziba pancha.

Kwa mtoto mwenye mtindio wa ubongo mambo ni magumu zaidi. Ukimweka kwenye kiti cha mtu mzima, nyonga zinateleza mbele, kiwiliwili kinalalia upande, na mama anamfunga kanga kifuani asidondoke. Akikaa hivyo kila siku, mgongo unazidi kupinda. Na aliyeumia uti wa mgongo, asiyehisi makalio, akikosa mto unaomfaa anapata vidonda. Vidonda hivyo huua.

Ndiyo maana mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2008 unataka mtu apimwe, kiti kirekebishwe kimfae, afundishwe kukitumia, kisha afuatiliwe. Lakini kutoka Kondoa hadi Dodoma mjini ni kama kilomita 160, na nauli ni ya mgonjwa na anayemsindikiza. Tukishikilia kwamba kila mmoja apimwe mjini, wa vijijini ndio watakaokosa.

Kwa hiyo nisingesimamisha ugawaji. Mtu mzima mwenye kiwiliwili imara na ngozi inayohisi apewe mapema, ila kiti cha njia za huku. Watoto na walioumia uti wa mgongo wasipewe bila kupimwa, na wapimaji ndio wawafuate wilayani. Anayetaka kuleta viti 100 alete 80, fedha inayobaki iende kwenye safari hizo, mito na vipuri.

Mtaji wa ufundi upo karibu. Katika asilimia 10 ya mapato ya ndani ambayo halmashauri hukopesha bila riba, asilimia 2 ni ya watu wenye ulemavu. Kikundi chao cha kukarabati viti mwendo Kondoa au Mpwapwa kinaweza kuurejesha mkopo huo, ilimradi halmashauri yenyewe ikipe kazi ya matengenezo na kulipa kwa wakati.