Chumba ni cha nani? Maoni yangu kuhusu kazi ya ngono Nairobi

Mjadala wa kazi ya ngono ukianza huku kwetu watu wanagawanyika pande mbili na hakuna anayemsikiza mwenzake. Huyu atakwambia hakuna mwanamke anaweza kukubali hiyo kazi akiwa na akili timamu, wote wamelazimishwa, kama si na mtu basi na njaa. Yule atakwambia mtu mzima ni mtu mzima, mwili ni wake, achaneni naye. Mimi wote wawili wamenichosha, kwa sababu hakuna hata mmoja anauliza hiyo kazi inafanyikia wapi na mlango wa hicho chumba unafungwa na nani.

Ukitaka kujua kama dada yuko hapo kwa hiari yake, anza na chumba. Kodi iko kwa jina la nani? Pesa ya mteja inaingia kwa simu ya nani? Akiamka aseme leo sipokei mtu, kuna mtu atamkasirikia? Kitambulisho chake anacho ama kiko kwa droo ya mtu mwingine? Ukipata majibu ya hayo maswali utakuwa umejua mengi kuliko mhubiri na mwanaharakati wakiwekwa pamoja.

Na hiyo stori ya njaa, jamani. Ni kweli wengi waliingia kwa sababu ya shida, lakini mama anayefua nguo za watu Eastleigh, kijana wa mjengo, msichana wa kazi anayelala jikoni, hao waliitwa na nini? Shida inapunguza chaguo, haimalizi akili ya mtu. Kulazimishwa ni kitu kingine na sheria yetu inakijua vizuri: sheria ya kupambana na ulanguzi wa binadamu ya 2010 inasema kama umempata mtu kwa vitisho, kwa udanganyifu ama kwa kutumia unyonge wake, huwezi kujitetea ati alikubali, na akiwa mtoto wa chini ya miaka 18 hakuna hata haja ya kuuliza ulitumia njia gani. Adhabu yake si chini ya miaka 30 jela ama faini isiyopungua milioni 30, ama zote mbili. Kuna wasichana wa Kenya, Uganda na Tanzania waliotolewa huku kwa ahadi ya kazi wakafika Delhi, wakanyang'anywa pasipoti wakaambiwa una deni la tiketi, lipa kwa kulala na wanaume. Huyo msichana hata chumba anacholala hajakichagua. Kumweka kikapu kimoja na dada aliyekodi nyumba yake na anapanga saa zake mwenyewe ni kumkosea huyo wa Delhi zaidi, maana polisi wanaishia kusaka wale rahisi kupatikana.

Sasa tuje kwa sheria ya nyumba, ambayo ndiyo inaniudhi. Wengi wanadhani Kenya kuuza ngono ni kosa. Soma Kanuni ya Adhabu, hutapata kifungu kinachosema hivyo moja kwa moja. Kuna 153 na 154 za wanaoishi kwa pesa ya kahaba ama kumsimamia, kuna 155 ya msako wa nyumba, halafu 156 ya danguro, ambayo inamshika hata landilodi anayejua chumba chake kinatumika hivyo. Kosa la kusimama barabarani ukitafuta wateja liko kwa sheria ndogo za kaunti, ndiyo maana wanaokimbizana na wasichana Koinange Street usiku ni kanjo, yaani askari wa kaunti. Kwa hivyo ukisimama nje unashikwa, ukiingia ndani unamfanya mwenye nyumba mhalifu, na mwenye nyumba akijua ana mambo mawili tu, akufukuze ama akupandishie kodi akijua huna pa kushtaki. Keateka, yule msimamizi wa ploti, naye akijua anataka chai kila wiki. Hebu niambie hapo dada anabaki huru namna gani? Anaishia kutafuta mtu wa kumkinga, na huyo mtu wa kumkinga ndiye baada ya miezi michache anashika pesa, anashika simu, anaamua wateja. Yaani sheria iliyoandikwa kuzuia watu wa kati ndiyo inawapa kazi.

Kuna dada namjua, anakaa upande wa Thika Road, na huwa hahosti, yaani hapokei wateja, kwake kwa sababu ana mtoto na majirani wana macho. Anakodi apatimenti ya siku moja, wakati mwingine wanachanga na rafiki yake. Mteja akimtafuta anamwambia tuma depoziti kwa M-Pesa, na watu husema hao wanawake wanapenda kula fea, yaani kutumiwa pesa halafu wasitokee, sawa wako wanaokula, lakini yeye anachotaka ni lile jina linalotokea kwa meseji. Ukisema unaitwa Brian na M-Pesa inasema jina lingine kabisa, kwaheri. Lokesheni anatoa nusu nusu, kwanza steji, ukishafika steji ndiyo unaambiwa geti, na wakati unatembea kutoka steji hadi geti yeye yuko dirishani anakuangalia kama uko peke yako. Kwa mteja haendi. Aliniambia, "kwake mlango ni wake." Marafiki zake wengine wanabishana naye, wanasema lojingi ya mjini kati ni afadhali, kuna mtu wa risepsheni, kuna soja anayewajua kwa sura, ukipiga nduru kuna mtu atasikia, ingawa unalipia chumba kila saa na polisi wakitaka hongo wanajua pa kuja.

Hizo hesabu zote hazijaanza juzi. Nairobi ya mkoloni, kule Pangani kabla haijabomolewa 1939 na baadaye Pumwani, kulikuwa na watembezi waliotafuta wanaume barabarani, kulikuwa na wa wazi-wazi, wengi wao kutoka Bukoba, waliokaa mlangoni wakiita wapita njia, na kulikuwa na waliongoja ndani ya vyumba vyao wenyewe, mwanamume anabisha hodi, anapewa chai, chakula, maji ya kuoga, akitaka analala hadi asubuhi. Na kuna waliotoka hapo wakawa wenye nyumba kabisa, wanapangisha wengine. Hilo halisemwi sana wakati tunasifu historia ya Pumwani, sijui tunaona aibu ya nini.

Januari 2024 wanawake waliuawa kwa nyumba za kukodi za muda mfupi hapa Nairobi, na tarehe 27 mwezi huo watu wakaandamana miji kadhaa. Sisemi walikuwa wakifanya kazi hii, na hata haijalishi. Ninachokumbuka ni vile mtandaoni swali lilikuwa "alikuwa anatafuta nini huko?" Halafu zikaja kelele za kusajili Airbnb na kuweka kamera. Mimi kamera ya kwa geti siipingi, na yule dada wa Thika Road haipingi, anasema mteja akijua ameonekana anakuwa na adabu. Shida ni kwamba akipigwa humo ndani hawezi kwenda kuomba hiyo video, atajulikana, na kesho hana chumba.

Wenzetu wamejaribu njia tofauti. Uingereza kuuza ukiwa peke yako kwa nyumba si kosa, lakini mkiwa wawili hiyo nyumba inaitwa danguro, kwa hivyo sheria inakulazimisha ukae peke yako na mwanamume usiyemjua. Oslo, kuanzia 2007 hadi 2011, polisi walikuwa na operesheni ya kuwabana wenye nyumba hadi wawatimue wanawake. New Zealand wao 2003 waliamua hadi wanawake wanne wanaweza kufanya kazi kwa nyumba moja bila leseni ya danguro, bora kila mmoja ashike pesa zake. Hiyo ya wanne ndiyo ningeiba kesho asubuhi tukiibadilisha 156, na hapo kwa kila mtu kushika pesa zake ndipo ningekaza zaidi.

Najua mtaniuliza, na majirani je? Watoto kwa ngazi? Sawa, jirani ana haki. Kelele usiku, wanaume wageni wanaopotea mlango, hayo ni malalamiko ya kweli na kila ploti ina kanuni zake za wageni na kelele, zitumike kwake kama zinavyotumika kwa yule kijana wa ghorofa ya pili mwenye spika. Akivunja apewe notisi ya mwezi kama mpangaji mwingine yeyote, si kutolewa godoro nje saa nne usiku huku keateka ameshika simu anarekodi.