Cheti Ukutani, Kosa Kwenye Tangi

Ukizungumza ubora na watu wa kahawa hapa Moshi, hukawii kukuta kambi mbili. Wa kwanza watakwambia kampuni inayotaka kuheshimiwa na mnunuzi wa nje itafute cheti cha ISO 9001, kile kiwango cha kimataifa cha usimamizi wa ubora, iandike taratibu zake, ikaguliwe. Wa pili watakwambia cheti ni pambo la ofisini. Kahawa nzuri inatokana na watu wanaoijua kazi na wanaojifunza kila msimu. Wote wana hoja. Ila naona wanalikwepa swali moja: kosa likitokea, nani anapata habari, na anaipata lini?

Chukua uchachushaji. Kahawa mbivu ikishamenywa, punje hukaa kwenye tangi mpaka ute unaozizunguka uachie. Huku chini kwenye joto ute huachia mapema. Mlimani, baridi ya Julai inaweza kuchelewesha kazi kwa saa nyingi. Sasa kitabu cha taratibu kikisema "saa 24" kwa matangi yote, mkaguzi ataridhika: saa ya kuingiza ipo, saa ya kutoa ipo, sahihi ipo. Kumbe tangi la juu limetolewa likiwa bado na ute, na la chini limepitiliza. Mzoefu hana habari na saa. Anatia mkono, anachota punje, anazisuuza na kuzisugua kiganjani. Zikikwaruza kama changarawe, tayari. Zikiteleza, bado.

Hapo kambi ya pili hushangilia, lakini wasiwahi. Mzoefu huyo ni kibarua wa msimu. Mwakani huenda yuko Arusha anaendesha bodaboda, na alichokijua kimeondoka naye. Hata mashirika makubwa hupotezewa kumbukumbu hivyo hivyo: mwaka 1976 serikali ilivunja vyama vikuu vya ushirika, KNCU, chama kikuu cha wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro kilichoanza 1933, kikiwemo, na sheria ya kuvirudisha ikaja 1982. Miaka 6 inatosha kabisa watu wenye ujuzi kutawanyika. Toleo la ISO 9001 la mwaka 2015 linaligusa jambo hili moja kwa moja: kipengele 7.1.6 kinaitaka kampuni ijue kazi yake inahitaji maarifa gani, iyatunze, na iyafikishe kwa wanaoyahitaji. Kwa maana hiyo kosa la kitabu cha "saa 24" si kwamba kimeandikwa, ni kwamba kimeandika kitu kisicho chenyewe. Kingeandika kipimo cha kiganja, saa zikabaki makadirio, kibarua mpya angekuwa na pa kuanzia.

Chris Argyris, aliyekuwa profesa Harvard, alitenganisha kujifunza kwa aina mbili: kusahihisha kosa huku kanuni ikibaki ilivyo, na kuihoji kanuni yenyewe. Mifumo ya ubora ni hodari kwa aina ya kwanza. Kahawa ikinuka, fomu inajazwa: "mfanyakazi hakuzingatia muda." Anapewa onyo, fomu inafungwa. Hakuna aliyeuliza kama muda wenyewe ulikuwa sahihi. Na akishaonywa, safari nyingine ataandika saa 24 hata kama tangi lilikaa 40. Hapa nasimama na wanaolalamika: mfumo wa namna hii unafundisha watu kuandika uongo msafi. (Kwenye viwanda vya magari vya Toyota, mfanyakazi wa kawaida huvuta kamba kuita msaada, na tatizo lisipotatuliwa mstari mzima wa uzalishaji husimama. Mfikirie kibarua wa siku akisimamisha mtambo jioni ya mavuno!)

Kisha kuna habari yenyewe ya kosa. Kahawa ikishushwa Moshi hukobolewa, hupangwa madaraja kwa ukubwa wa punje, AA zikiwa za juu, na huonjwa kabla ya kuuzwa. Ukubwa hausemi lolote kuhusu tangi. Muonjaji ndiye atakayeligundua kosa, tena kwa kijiko kimoja. Lakini mpaka hapo wiki kadhaa zimepita, na kinachorudi mlimani mara nyingi ni bei tu. Bei ni mwalimu mbovu. Februari 2025 arabika, aina ya kahawa inayolimwa huku, ilivuka dola 4 kwa ratili kwenye soko la New York, rekodi mpya. Mwaka kama huo hata kahawa ya ovyo inalipa, na meneja anaandika kwenye ripoti kwamba ubora umepanda.

Cheti hudumu miaka 3, na kila mwaka kuna ukaguzi wa kulipia. Kwa kampuni inayouza nje sioni tatizo, maana mnunuzi ambaye hajawahi kufika Kilimanjaro anahitaji kitu cha kuaminia. Kwa chama cha msingi chenye mtambo mmoja, ningeanza na hela ndogo zaidi: majibu ya muonjaji yapande mlimani yakiwa na namba ya tangi na tarehe, yasomwe mbele ya waliochachusha kabla hawajalipwa na kuondoka. Hilo nalo lina kikwazo chake. Kahawa ya matangi tofauti ikishachanganywa kwenye gari moja, hakuna muonjaji atakayejua lipi lilikosea. Na kuitenganisha, gunia kwa gunia, kunataka stoo na muda ambao msimu ukipamba moto wengi hawana.